Namna ya Kuamua Kosa la Kumzuia Mkimbiaji katika Softiboli

Waamuzi wapya ninaowafundisha hapa Moshi wengi wao wametoka kwenye soka, na huja na imani moja ambayo ni lazima waiache ukingoni mwa kiwanja: kwamba wachezaji wasipogusana hakuna kosa. Katika softiboli mlinzi, yaani mchezaji wa timu isiyopiga, anaweza kutenda kosa la kizuizi bila kumgusa hata kidogo mkimbiaji, yaani mchezaji wa timu inayopiga anayekimbia kutoka beisi (kituo) moja hadi nyingine. Inatosha kwamba alisimama mahali palipomlazimisha mkimbiaji kupunguza mwendo, kukwepa au kusita, ilhali yeye hakuwa na mpira wala hakuwa akiufuata mpira uliopigwa na gongo.

Basi jiulize mambo mawili tu, na uyajibu papo hapo. La kwanza: je, mlinzi anao mpira, au anaucheza mpira uliotoka kwenye gongo? Kusubiri mpira aliorushiwa na mwenzake si kuwa nao, hata kama umebakiza mita moja kufika kwenye glovu. La pili: je, mkimbiaji ameathirika? Mlinzi aliyesimama njiani bila mpira, na mkimbiaji akapita bila kubadili hata hatua moja, hajatenda kosa. Kwa hiyo itazame miguu ya mkimbiaji, kwa kuwa miguu ndiyo inayoeleza kama mwendo wake umevurugika. Kujifanya kumgusa mkimbiaji kwa glovu isiyo na mpira, ili ajirushe chini au asite, nako ni kizuizi.

Ukishaona kosa, nyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi ikiwa imefungwa, na utamke kwa sauti kwamba ni kizuizi. Usiusimamishe mchezo. Hapa uzoefu wa soka unasaidia, kwani ni kama refa anavyoacha mpira uendelee ili aliyetendewa kosa apate faida.

Sasa linakuja jambo gumu zaidi, ambalo ndilo linalompambanua mwamuzi makini. Wakati mkono umenyooka, amua moyoni mkimbiaji huyu angefika beisi ipi kama asingezuiwa, kwa sababu hiyo ndiyo beisi unayomlinda. Tuseme mpigaji amepeleka mpira uwanja wa kulia, anaizunguka beisi ya kwanza akielekea ya pili, na mlinzi wa beisi ya kwanza amesimama njiani akiutazama mpira. Mkimbiaji anapinda kumkwepa na kupoteza hatua tatu. Angalia mpira uko wapi wakati huo, mlinzi wa nje ameushika au bado anaukimbilia, na mkimbiaji ana kasi gani. Beisi hadi beisi ni futi 60, yaani mita 18 na ushei, na katika umbali mfupi kiasi hicho hatua tatu ni nyingi mno. Akitolewa kwenye beisi ya pili, yaani akiguswa kwa mpira kabla hajaifikia, kwa tofauti ya hatua moja, inua mikono, tangaza kwamba mpira umekufa, yaani mchezo umesimama, na umpe beisi ya pili. Lakini akifika ya pili salama, kisha akajaribu ya tatu ambayo kwa hukumu yako asingeifikia kwa vyovyote, akatolewa huko, ametoka. Ulinzi wako ulikwisha alipoivuka ile beisi uliyomwekea na ile iliyofuata ikawa shauri lake.

Zingatia pia kwamba hakuna zawadi ya beisi moja mbele inayotolewa moja kwa moja. Mkimbiaji aliyenaswa kati ya beisi mbili, akazuiwa wakati anarudi ya kwanza, anaweza kupewa hiyo hiyo ya kwanza. Hata hivyo, hawezi kutolewa kati ya beisi hizo mbili alimozuiwa, isipokuwa kwa kosa lake mwenyewe, kama vile kumpita mkimbiaji aliye mbele yake au kumwingilia mlinzi anayecheza mpira.

Kuhusu kuingilia, kumbuka kwamba mlinzi anayeufuata mpira uliopigwa ana haki ya njia, na mkimbiaji ndiye anayepaswa kumpisha. Vilevile, mkimbiaji aliyebaki wima akamgonga kwa makusudi mlinzi mwenye mpira anayemsubiri, anatolewa.

Nimeacha beisi ya nyumbani, ile ya mwisho ambako mkimbiaji hupata pointi, mwisho kwa sababu ndipo ninapoona makosa mengi ya waamuzi. Katika mwaka wangu wa kwanza nilinyamaza pale mdakaji, yaani mlinzi wa beisi hiyo, alipoziba beisi kwa mguu kabla mpira haujamfikia, na msichana aliyekuwa anakuja kwa kuteleza nikamtangaza ametoka. Uamuzi huo unaniuma hadi leo. Nilikuwa nyuma ya mgongo wa mdakaji na sikuweza kuona glovu yake. Tangu hapo husogea hatua mbili au tatu pembeni, ili niione nafasi iliyo kati ya mkimbiaji na mdakaji, na mpira ukiingia. Katika kiangazi cha Januari na Februari, viwanja vyetu vinapotoa vumbi kwa kila anayeteleza, hatua hizo zichukue mapema, mkimbiaji akiwa bado anaizunguka beisi ya tatu, kwa kuwa vumbi likishatimka hutaona tena ni kipi kilichotangulia, mguu wa mdakaji au mpira.