Kabla hujaifungua spika, ijue sumaku yake

Mwaka wangu wa pili benchini niliua spika ya mzee mmoja mpiga gita, mtu wa Lubumbashi aliyehamia Dar es Salaam na bendi yake zamani. Spika haikuwa imeungua. Koili (ule waya uliozungushwa unaocheza ndani ya sumaku) nzima, karatasi (ule uso unaotoa sauti) nzima, inakwaruza tu. Mimi kwa ujuaji nikaona niifungue hadi mgongoni nisafishe vizuri. Nikalegeza skrubu za bakuli la chuma, sumaku ikachomoka, kipande kifupi kinene kama kizibo cha chupa ya chai. Nikaiweka mezani, nikapiga brashi, nikairudisha. Spika ikaimba kama imefungiwa ndani ya gunia la mchele.

Mzee alipokuja aliisikiliza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, ile simaku uliitosha?" Kwao *kutosha* ni kutoa. Nikasema ndiyo, shikamoo tena. Akacheka, akavuta kigoda. Somo alilonipa siku ile, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kufukua machuma chakavu, ndilo ninalokuandikia hapa, fundi mwenzangu.

Anza kwa macho, bisbisi ikae mezani. Geuza spika uangalie mgongo. Ukiona pete nyeusi pana, imebanwa kati ya sahani mbili za chuma kama kitumbua kilichoungua katikati ya chapati mbili, hiyo ni feraiti. Ukiona bakuli la chuma au fremu ya mraba iliyofungwa, pete haionekani, basi sumaku imejificha ndani. Hapo pima uzito na umri. Nzito na ya zamani: karibu hakika ni alniko. Ndogo, nyepesi kuliko inavyotoa sauti, na ya miaka ya karibuni: ni neodimiamu, sisi tunaita neo.

Sasa chukua bisbisi, lakini kwa kuinusisha tu. Isogeze ubavuni. Pete ya feraiti itaivuta kwa nguvu, kwa sababu sumaku yenyewe iko nje. Bakuli la alniko litaivuta kidogo sana au lisiivute kabisa. Lile bakuli ndiyo njia ya kurudishia nguvu ya sumaku, haliiachii kuzurura. Wanafunzi wangu wengi hapa ndipo wanapodanganyika. Wanasema, "Bosi, hii sumaku imekufa." Haijakufa. Imefungwa vizuri.

Ukibaki na shaka, tumia mita. Weka kwenye ohms, gusisha ncha mbili juu ya sumaku yenyewe, mahali ulipokwangua rangi. Feraiti haipitishi umeme, mita inakaa kimya, maana ile ni jamaa ya chungu cha udongo: unga wa kutu ya chuma na bariamu au strontiamu, unashindiliwa kwenye kalibu kisha unaokwa. Ndiyo maana ikidondoka inavunjika vigae kama sufuria ya mfinyanzi. Alniko na neo ni metali, mita italia. Alniko ukiikwangua ni ya kijivu, ngumu, tupa inateleza. Neo huwa imepakwa nikeli inang'aa kama kijiko kipya, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni chuma na bila kile koti inaota kutu hadi inakuwa unga.

Alniko jina lake limeunganishwa: alumini, nikeli, kobalti. Aina iliyotumika sana, alniko namba 5, ina alumini kama asilimia 8, nikeli 14, kobalti 24, shaba 3, inayobaki ni chuma. Mzizi wake uko Japani. Mwaka 1917 Honda Kotaro, profesa wa Sendai, alitengeneza chuma cha sumaku chenye kobalti akakiita KS, herufi za jina la Sumitomo Kichizaemon, tajiri aliyegharimia utafiti. Mwaka 1931 akatokea Mishima Tokushichi, akagundua kwamba chuma chenye nikeli nyingi ambacho hakishiki sumaku, ukikitia alumini, kinashika kuliko KS. Akakiita MK. M ni ya Mishima, familia iliyomlea na kumpa jina. K ni ya Kizumi, familia aliyozaliwa. Hapo ndipo alniko ilipochipukia. Mimi hiyo habari huwa inanigusa. Mmoja kaandika jina la mfadhili kwenye chuma, mwingine kaandika la wazazi wa pande zote mbili.

Viwandani alniko humiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kama wanavyofanya wamiminaji wetu wa sufuria. Lakini haiishii hapo: ile namba 5 inapashwa moto tena mpaka inaiva nyekundu, halafu inapoozwa huku imewekwa katikati ya sumaku kubwa, ili ndani yake kila kitu kielekee upande mmoja. Ikipoa inasagwa kwa jiwe, maana keekee haiingii. Baada ya hapo ndipo inatiwa nguvu.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Alniko ina nguvu lakini ni mwepesi wa kukata tamaa. Inataka chuma cha kuizunguka muda wote. Ukiichomoa ikae uchi mezani, inajishusha yenyewe, na ukiirudisha nguvu hairudi. Hata nyundo inaipunguza. Unakumbuka ile sumaku ya umbo la kwato ya farasi maabara ya fizikia, na mwalimu anafoka kile kipande cha chuma kirudishwe mdomoni mwake? Alikuwa anajua anachosema. Kwa hiyo spika ya alniko fanyia kazi mbele tu: karatasi, koili, na spaida, kile kitambaa cha mikunjo kinachoishika koili katikati. Mgongo usiguse. Ikiwa mgongo lazima ufunguliwe, uwe na mashine ya kutia sumaku upya, ile inayopiga umeme mkubwa kwa kitambo kidogo kupitia koili nene. Kama huna, mwambie mwenye mali ukweli kabla hujashika skrubu.

Mzee wangu alikuwa na la kuongeza. "Kobalti inatokaka kule kwetu," alisema, na hakuwa anajisifu bure. Kobalti nyingi ya dunia ilikuwa ikichimbwa jimboni kwao Katanga, ambalo Mobutu alilibadilisha jina likaitwa Shaba, neno letu hili hili. Mei 1978 waasi waliingia Kolwezi, mji wa migodi. Askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli, wataalamu wa migodi wakakimbia. Bei ya kobalti ikapaa mara kadhaa, na watengeneza spika wa Marekani wakashindwa kuhimili alniko. JBL, mmoja wao, wakahamia feraiti, ambayo haina kobalti hata chembe na ambayo Philips wa Uholanzi walikuwa wameileta sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ushahidi utauona kwenye kibandiko cha spika zao: 2231A ni ya alniko, 2231H ni dada yake wa feraiti. Mimi nikiona ile A nanawa mikono kwanza.

Feraiti haina makuu. Unaweza kuifungua, kuipasha moto kiasi, kuifunga, isinune. Ugonjwa wake ni gundi. Spika ikianguka pete inahama milimita moja tu, koili inabanwa, inakwaruza au inakwama kabisa. Usiigonge irudi. Toa karatasi na koili kwanza, achanisha sahani kwa kabari za mbao, kwangua gundi ya zamani, paka epoksi, kisha izungushie nguzo ya katikati vipande vya plastiki vyenye unene sawa ili nafasi iwe sawa pande zote. Mimi nakata makopo ya maji ya kunywa. Iache usiku mzima. Na vidole viwe mbali sahani zinapokutana. Nina kucha moja iliyoota upya kuthibitisha.

Neo ni hadithi ya mtu aliyeacha kazi. Sagawa Masato alikuwa Fujitsu, na mwaka 1978 alimsikia mtaalamu akieleza kwa nini chuma na madini adimu havipatani kuwa sumaku nzuri. Akawaza: nikitia kitu kidogo katikati, kama boroni, si atomi za chuma zitaachana kidogo? Mwaka 1982 akaacha kazi, akaingia Sumitomo Special Metals, na mwaka huo huo sumaku ikapatikana. General Motors wa Marekani nao walikuwa wameifikia kwa njia yao. Ile kampuni ya Sumitomo baadaye ikawa Neomax, ikamezwa na Hitachi Metals, na tangu 2023 inaitwa Proterial. Majina yanabadilika kama ya bendi, wapigaji wale wale.

Kwa fundi, neo ina mambo mawili. La kwanza ni joto: ile ya kawaida ikizidi nyuzi 80 inaanza kupoteza nguvu, kwa hiyo usiipulizie hita kulegeza gundi. La pili, usiikate wala kuitoboa. Unga wake unashika moto, na kiwandani wanausaga na kuuoka mahali pasipo oksijeni.

Nikurudishe kwenye kile nilichotakiwa kufanya siku ile. Spika inakwaruza, koili nzima: mara nyingi ni vumbi la chuma limenasa kwenye mfereji wa sumaku, ule mwanya koili inamocheza. Brashi haitoi, pampu ya upepo inalisukuma ndani zaidi, na bisbisi ndiyo usiipeleke kabisa. Toa karatasi na koili, kisha kata kipande cha kadi ya vocha au ya mwaliko wa harusi, kizungushie mkanda wa gundi, upande unaonata uwe nje, ukipitishe mferejini taratibu duara zima. Kitatoka na nywele nyeusi. Badilisha mkanda, rudia mpaka utoke msafi. Kuna spika ilinila mikanda kumi na minne. Rudisha koili, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake. Karatasi iruke mara moja, ikae, bila mkwaruzo. Kisha weka vidole vinne pande nne, sukuma taratibu, sikiliza kwa sikio si kwa macho.

Ile ya mzee bado imetundikwa ukutani kwangu. Sumaku yake inashika pini za ofisi, tatu au nne.