Kupima madai ya riwaya za njama za kidini

Kwa wasomaji wenzangu wa Moshi mnaoazimana riwaya za njama za kidini, napendekeza kila dai la kihistoria lipimwe kwa kuuliza lilitajwa kwa mara ya kwanza lini na katika hati gani. Chama cha Prieuré de Sion, ambacho katika riwaya hizo husemwa kuwa chama cha siri kilichoanzishwa mwaka 1099, kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake, na hati za kuthibitisha ukale wake, zilizowekwa katika Maktaba ya Taifa jijini Paris katika miaka ya 1960, zilikuwa za kughushi. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, nao ulishughulikia mafundisho ya Arius, padre aliyekana kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba, na tarehe ya Pasaka. Haukuchagua vitabu vya Biblia, ingawa riwaya hizo hudai hivyo. Vijana wetu wa kipaimara huuliza sana kuhusu jambo hili, na wanastahili jibu sahihi: orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya imo katika barua ya Athanasius, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Ukurasa wa mwanzo wa riwaya ukitangaza kwamba michoro na majengo ni halisi, kumbukeni kwamba kuwapo kwa mchoro hakuthibitishi maana ambayo mhusika wa riwaya ameupa.