Nyuzi za gitaa: kujua zilizochoka na kuzitunza zilizo nzima

Usilitegemee sikio peke yake, maana linazoea uchakavu siku hadi siku. Tumia kidole. Pitisha ncha yake chini ya uzi, upande unaotazama freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa), kuanzia freti ya 1 hadi ya 5. Ukigusa vibonyeo vidogo, uzi umeshaliwa na freti. Kidole kikitoka cheusi, uchafu umejaa; kikitoka chekundu, kutu imeanza.

Uzi hulia vizuri ukiwa na uzito uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Jasho na vumbi vikijaa kwenye mizunguko ya waya wa nyuzi nene, uzito unapishana, sauti inafifia na gitaa linakataa kukaa kwenye tyuni. Kuna kipimo cha uhakika: gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, utasikia mlio wa kengele. Kisha ubane kwenye freti hiyohiyo, upige tena. Sauti hizo zilingane kwa tyuni. Kama zililingana nyuzi zikiwa mpya na sasa zinapishana, badilisha. Zikipishana hata kwa nyuzi mpya, fundi aangalie daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa.

Anayepiga saa moja kwa siku abadilishe baada ya wiki 4 hadi 6. Mpiga rithimu wa bendi ya dansi, mwenye saa nne jukwaani usiku mmoja, hafiki huko. Na Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi hula chuma hata gitaa likining'inia tu ukutani.

Kubadilisha (gitaa kavu la nyuzi za chuma)

1. Legeza uzi mmoja mpaka ulegee kabisa ndipo uukate. Uzi uliokazwa ukikatwa huruka usoni. Maliza huo kabla ya kwenda mwingine, shingo isipoteze mvuto wote kwa mpigo.
2. Ng'oa pini ya daraja. Kunja kidogo ncha ya uzi mpya yenye kitufe, itumbukize, rudisha pini huku ukiuvuta uzi juu hadi kitufe kishike ubao kwa ndani. Kikibaki chini ya ncha ya pini, pini itachomoka ukikaza.
3. Pitisha uzi kwenye tundu la ufunguo wa kukazia, uache ziada ya sentimita 5 hivi. Zungusha kuelekea chini: mizunguko 2 au 3 kwa nyuzi nene, 4 kwa nyembamba. Mizunguko iliyopandana ndiyo inayofanya uzi ushuke kila dakika.
4. Tyuni, uvute uzi taratibu kwa vidole katikati ya shingo, tyuni tena. Rudia mpaka usishuke.
5. Kata ncha, bakiza milimita 3.

Utunzaji ni mwepesi: nawa mikono kabla ya kupiga, na ukimaliza futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kipande cha khanga kuukuu kinatosha. Kisha gitaa lirudi kwenye begi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Uzi wangu wa kwanza unakatika kila mara, palepale kwenye daraja. Ni nyuzi feki?
Marahaba. Ukikatikia mahali pamoja, kosa liko hapo. Sugua pamba juu ya mfupa wa daraja, kile kipande chembamba ambacho nyuzi hulalia. Ikinasa, pana ncha kali. Pitisha msasa laini namba 600 mara tatu nne, usichimbe.

Nasikia watu wanachemsha nyuzi. Inasaidia?
Kwa nyuzi nene za chuma, ndiyo, dakika 10, kisha zikaushe kabisa. Mlio hurudi kwa siku chache tu, kwa kuwa maji hutoa uchafu lakini vibonyeo vinabaki.

Mafuta ya nazi yanazuia kutu?
Usipake. Yanakamata vumbi na kuzima mlio.

Gitaa langu ni la nailoni, dukani nimepata za chuma tu. Nifunge?
Hapana, ndugu yangu. Seti ya nailoni huvuta kilo 40 hivi kwa jumla. Ya chuma ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012 huvuta zaidi ya kilo 70. Daraja litabanduka au shingo itapinda. Subiri upate za nailoni.

Umekatika uzi mmoja. Nibadilishe zote?
Kama seti haijapita wiki mbili, weka mmoja wa unene uleule. Ikiwa imezeeka, badilisha zote, la sivyo huo mpya utalia peke yake juu ya wenzake.