Una hela na unataka kumtoa mtu barazani? Mlipie kodi, fanya hivi

Wadau hii ni ya nyie wenye uwezo hapa Dar, wenye maduka Kariakoo, wenye nyumba mbili tatu za kupangisha, mabosi wa maofisini. Jioni ukifunga duka kuna kuli aliyekushushia mzigo mchana anasubiri uondoke ili atandike boksi hapo hapo kwenye baraza lako. Na kazi anayo, hela anashika kila siku, kinachomshinda sio kodi ya mwezi bana, ni ile ya miezi 6 ambayo mwenye nyumba anaitaka kwa mkupuo.

Piga hesabu. Tuseme chumba Buguruni au Tandale elfu 50 kwa mwezi, miezi 6 ni laki 3, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, elfu 50 nyingine, hapo hata godoro bado. Sasa mtu anayepata buku buku na hana pa kuficha hata kibubu hiyo laki 3 na nusu anaikusanyia wapi? Akisema alale gesti ya elfu 10 kila usiku, mwezi ukiisha laki 3 imeondoka, yani hela ile ile ya chumba cha miezi 6!! Maskini kila kitu anauziwa rejareja, hadi usingizi.

Kwahiyo buku tano ya Ijumaa ni nzuri lakini haimtoi barazani. Beba wewe ule mkupuo.

Kwanza muulize mwenyewe anataka kuishi wapi. Usimpeleke Chanika eti vyumba bei chee wakati mzigo anashusha alfajiri Kariakoo, nauli itammaliza na utamkuta tena kwenye boksi. Halafu mwache atafute chumba yeye, wakikuona wewe na gari lako bei inapanda hapo hapo na dalali anaongeza hela ya usumbufu.

Mkikipata nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa atambulike, mjumbe awe shahidi, na mkataba uandikwe JINA LAKE, sio lako. Hili watu wengi hawalipendi, wanaona hela ni yangu kwanini nisiandikwe, ila ukiandikwa wewe ina maana siku mkikwazana unaweza kumtoa, na yeye atakaa pale akikuogopa kama mtumishi wako. Hela mpe mwenye nyumba moja kwa moja, udai risiti, na umuulize mapema umeme na maji wanachangiaje maana kwenye nyumba ya wapangaji wengi LUKU ndio ugomvi wa kila wiki.

Akishaingia aanze kujiwekea kwenye simu, elfu 1 na mia 7 hivi kwa siku, miezi 6 ikiisha laki 3 anayo na hakuhitaji tena. Wiki ya kwanza mwongezee godoro, neti, ndoo na jiko. Picha za kukabidhi ufunguo usipige.

Kama ni mtoto usimpangishie chumba, nenda ofisi ya ustawi wa jamii au piga 116, ni bure.

Kwa Waislamu, mali ikifika nisabu (thamani ya dhahabu gramu 85) na mwaka ukapita, ile zaka ya asilimia 2.5 sio hisani, ni haki ya watu, na kwenye Kurani sura ya Tawba aya ya 60 imeanza na mafukara na maskini. Mwenye mil 40 zimelala benki zaka yake ni mil 1, hapo ni vyumba viwili na magodoro yake. Namna ya kuikabidhi muulize shehe wako.

Na wewe mwenye nyumba, kwako ni rahisi zaidi, hutoi hata shilingi. Azimio la Arusha 1967 lilimkataza kiongozi kabisa kuwa na nyumba ya kupangisha, 1991 CCM walipokutana Zanzibar wakalegeza, na sisemi turudi huko, jenga tu hata kumi. Ila tenga chumba kimoja upokee kodi yake mwezi kwa mwezi, mpe kuli au mama lishe ambaye mjumbe anamfahamu, mkubaliane alipe kila tarehe 5, na akichelewa wiki mpigie simu kabla hujaenda na kufuli.