Jinsi ya kusoma majibu ya HLA kabla familia haijachagua nani atoe figo

Watu wengi huku Moshi na Arusha wakishapewa karatasi ya tishu taipingi, yani kipimo cha HLA, zile alama za kwenye chembe ambazo mwili unazitumia kujua kipi chake na kipi kigeni, macho yanakimbilia namba moja tu ya alama ngapi zinafanana, 3 kwa 6, 5 kwa 6, alafu familia inaanza kushindanisha ndugu kama matokeo ya darasa la saba. Mi nasema ile namba isome mwishoni.

Anza na grupu la damu. O anampa yeyote, A anampa A na AB, B anampa B na AB, na AB anampa AB mwenzake. Hiyo plasi na mainasi kwenye figo haisumbui.

Alafu nenda kwenye krosimechi, hapo maabara wanachanganya seramu ya mgonjwa na chembe nyeupe za anayetaka kutoa, waone kama zitashambuliwa. Chanya hapa ni habari mbaya jamani, msishangilie, hasa ikiwa chanya upande wa T seli (chembe hizo nyeupe zinapimwa aina mbili, T na B), figo inaweza kukataliwa ndani ya masaa. Chanya ya B seli peke yake muulize dokta kwanza, kuna dawa zinazoweza kuileta. Na cheki tarehe seramu ilipochukuliwa! Mgonjwa akiongezewa damu baada ya hapo, na wa dayalisisi mara nyingi wanaongezewa, ile karatasi imeshapitwa, na hata asipoongezewa kipimo kinarudiwa karibu na siku ya upasuaji.

Kwenye kingamwili ndo watu wanapigwa butwaa. Chukulia mama wa watoto wanne wa Machame, figo zimefeli, baba watoto anasema natoa mimi. Roho nzuri kabisa, ila kwa zile mimba mwili wa mama ulikutana na antijeni, yani zile alama za HLA, za baba na unaweza kuwa ulishatengeneza kinga dhidi yake, na mtoto wao akijitolea shida inaweza kuwa ile ile maana nusu yake ni ya baba. Kwa hiyo usiridhike na asilimia ya PRA peke yake, yani kinga ya mgonjwa dhidi ya watu kwa jumla, uliza kama kuna DSA, yani kinga inayomlenga huyu huyu mtoaji. Ikiwepo wataandika MFI, namba ya kuonyesha hiyo kinga ina nguvu kiasi gani, na MFI bila kujua maabara ile inaanzia ngapi kuiita hatari haikusaidii kitu.

Sasa ile namba. Ni jeni za HLA-A, B na DR, mbili mbili, ndo sita. Mzazi na mtoto wa damu wanalingana angalau 3. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana nafasi robo ya kufanana kabisa, nusu ya kufanana nusu, robo ya kutofanana. Mi 3 kwa 6 yenye krosimechi hasi na bila DSA naichukua mbele ya 5 kwa 6 yenye krosimechi chanya, saa yoyote.

Ukiona alama ya HLA imeandikwa A2 kwenye ripoti moja na A*02:01 kwenye nyingine usipaniki, ya pili imepimwa kwa undani zaidi tu. Kupandikiza uboho ndo kunadai undani huo, figo mara nyingi sio lazima.

Kuna hili pia watu hawalisemi: vipimo hivi vinaweza kufichua kwamba mtoto sio wa baba huyo. Kabla hamjapanga foleni ya kutoa damu, iwe KCMC, Muhimbili au Benjamin Mkapa, mkubaliane na dokta kila mtu apewe majibu yake faragha, sio kusomewa ukoo mzima chumba kimoja.