Kijiti ukingoni: jinsi ya kuyasoma maji ya mto na ziwa kabla hujayaingia

Nikifika ukingoni, hata kabla sijavua viatu, natafuta kijiti. Nakichomeka pale maji yanapokomea, naangalia saa, halafu ndiyo naanza kupanga vyombo. Nimevua na kuendesha mitumbwi kwa miaka mingi, na sijapata kifaa cha bure kinachonipa habari nyingi kama hicho. Watu huuliza, "Maji yakoje leo?" Mimi nataka kujua yanaelekea wapi.

Hatua ya 1: Kijiti na saa

Kiache robo saa. Maji yakiwa yameshuka au yako palepale, endelea na hatua zinazofuata. Yakiwa yamepanda hata upana wa vidole viwili, ghairi kuvuka, na usithubutu kwenda kukaa kwenye fungu la mchanga lililo katikati ya mto. Jua linaweza kuwa linakuchoma utosini huku mvua imeshanyesha kilomita nyingi huko yatokako maji. Mafuriko yake hukufikia saa kadhaa baadaye. Na kama juu kuna bwawa la umeme, wakifungulia maji mto hupanda ghafla bila wingu hata moja. Ulizia ratiba yao mapema.

Mto unaofura hujitangaza. Siku moja tulikuwa wawili kwenye fungu la mchanga, tunavua. Kwanza yalipita majani makavu na vijiti, takataka ambazo maji huziokota ukingoni yanapopanda. Kisha rangi ikageuka, ikawa kama chai ya maziwa, na ule mlio wa maji kwenye mawe ukawa mzito. Kijiti changu kilikuwa kimeshazama. Wakati wa kwenda maji yalikuwa ya magoti. Wakati wa kurudi yalinifika kiunoni, na ndoo ya samaki tuliiacha hukohuko. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba kijiti kilikuwepo, ila sikukitupia jicho kwa zaidi ya saa nzima. Siku hizi nakiangalia kila nusu saa.

Hatua ya 2: Pima kasi

Hesabu mita 10 kando ya mto, weka alama mwanzo na mwisho. Tupa kijiti kikavu katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Rudia mara tatu. Sekunde 10 maana yake maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, na muogeleaji wa kawaida hawezi kushindana na kasi hiyo kwa muda. Akiingia hapo, ataogelea kuelekea mto unakotaka.

Kwa anayetaka kuvuka kwa miguu, pima kina kwa fimbo ndefu, kisha zidisha kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde. Jibu likikaribia 1, mtu mzima asivuke. Mtoto asifikie hata nusu yake. Kwa mfano, kina cha sentimita 60, na kijiti kimetumia sekunde 6: kasi ni kama 1.7, ukizidisha kwa 0.6 unapata 1. Hapana. Maji ya mapaja yanaonekana madogo, lakini kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne.

Hatua ya 3: Soma uso wa mto

Alama ya V ambayo ncha yake inaelekea yaendako maji ni mlango kati ya mawe mawili. Chombo hupita hapo. Ncha ikielekea yatokako maji, penye ncha kuna jiwe au gogo lililozama. Kwenye kona, upande wa nje ndiko kwenye kina na kasi, upande wa ndani mchanga hulundikana. Ukiona mstari ulionyooka unaokata mto mzima, na ng'ambo yake uso wa maji hauonekani, piga kasia uende ukingoni mara moja: ni maporomoko au ukuta wa kuzuia maji. Ukuta mfupi ni mbaya kuliko unavyoonekana, kwa sababu chini yake maji hujiviringisha na kumrudisha mtu palepale tena na tena.

Mti ulioangukia majini ni chujio: maji hupita, mtu hunasa. Ukichukuliwa na mkondo, lala chali miguu ikitangulia. Lakini mbele kukiwa na mti usioweza kuukwepa, geuka, uogelee kichwa mbele kwa nguvu zote na uupande. Jaketi okozi livaliwe ukiwa nchi kavu. Lililofungwa chini ya kiti cha mtumbwi halimsaidii mtu.

Hatua ya 4: Ziwani, mtazame upepo

Vichwa vya mawimbi huanza kutoa povu jeupe upepo ukifika kilomita 12 hadi 19 kwa saa, yaani namba 3 katika kipimo cha nguvu ya upepo kiitwacho Beaufort. Kwa mtumbwi mdogo, mimi naishia hapo. Povu likiwa la mara kwa mara, umeingia namba 4, kilomita 20 hadi 28.

Upepo ninaouogopa zaidi ni ule unaotoka nchi kavu. Ukisimama ufukweni unauhisi mgongoni na ziwa mbele yako limetulia kama kioo, kwa kuwa mawimbi yanahitaji nafasi ya kukua. Yanakusubiri huko mbele, na kurudi utapiga kasia kinyume na upepo huo huo.

Ukiona radi, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya sekunde 30, toka majini, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 5: Rangi na uchafu

Baada ya mvua kubwa, usiogelee kwa siku mbili hivi. Mvua husomba vinyesi na kila uchafu. Ukiona utando wa kijani, chovya kijiti. Kikitoka na nyuzinyuzi zinazoning'inia, ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama rangi ya ukuta, yaelekea ni bakteria wa kijani-bluu: usiingie, wala mbwa asinywe, na kuyachemsha maji hayo hakuondoi sumu. Penye kichocho, epuka maji yaliyotuama yenye magugu na konokono. Na maji yaliyo chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi usiyarukie. Mshtuko wa baridi humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, kichwa kikiwa ndani ya maji.

Hatua ya 6: Kwa mvuvi

Maji ya nyuzi 10 hubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30, kama 7.5. Ndiyo maana siku za joto samaki hukimbilia penye maji yanayovurugika na kuchanganyika na hewa: chini ya maporomoko madogo, midomo ya vijito, ufukwe unaopigwa na upepo. Mtoni, saa yangu ninayoipenda ni pale mafuriko yamepita, maji yanaanza kutakata, na kijiti nilichokichomeka majini asubuhi kimebaki kimesimama kwenye tope.