Mpira wa maji ulio nyuma ya injini: usiuvute, uchane

Ukibadilisha ile mipira ya maji iliyojificha nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, ngoja injini ipoe kabisa, mwaga kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye beseni, kisha toa boksi la filta ya hewa na bomba lake. Dakika kumi hizo zitakuokolea saa nzima ya kujichubua vidole.

Mpira mzee huwa umegandamana na shingo ya bomba. Usiuvute kwa nguvu! Shingo ikiwa ya plastiki itakatika, na hapo utajikuta Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, ukitafuta kipuri ambacho hukukipangia. Uchane kwa wembe kwa urefu, taratibu, usikwaruze shingo, halafu uubandue kama ganda la muhogo.

Kabla ya kuvisha mpya, geuza masikio ya klipu inayobana mpira yaelekee pale koleo litakapofika. Nilisahau hili mara moja, nikafungua kila kitu upya. Lainisha ndani kwa kulanti, kamwe si grisi wala oili, kwa kuwa hufanya mpira uvimbe na kulegea.

Mfuniko wa rejeta nao uukague. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Ni presha ya mfuniko inayoyazuia yasichemke mapema. Raba yake ikiwa na ufa, nunua mwingine.